Vipimo vya ajabu, mizani ya kweli

Wamarekani huuza petroli kwa sarafu isiyokuwepo. Hapa Columbus, Ohio, bango la bei ya mafuta husimama juu ya nguzo ndefu ili dereva alione kutoka mbali, na baada ya tarakimu kubwa kuna kijitarakimu kimebanwa juu pembeni: 9/10. Maana yake, bango likisema 3.19, galoni moja ni dola 3, senti 19 na sehemu tisa kati ya kumi za senti moja. Sarafu ya kulipia sehemu hizo haipo. Nusu senti iliwahi kuwepo, ikafutwa mwaka 1857. Senti yenyewe, ile ya rangi ya shaba yenye sura ya Abraham Lincoln, ilipigwa kwa mara ya mwisho kwa matumizi ya madukani Novemba 2025, kwa kuwa kutengeneza moja kulikuwa kunagharimu karibu senti nne. Senti imezikwa, lakini sehemu tisa za kumi za marehemu zinaendelea kulipwa vituoni kana kwamba hakuna msiba.

Chanzo ni kodi. Mwaka 1932 serikali kuu iliweka kodi ya senti moja kwa kila galoni, majimbo nayo yalikuwa na kodi zake, na wauzaji wakazoea kuandika vipande vya senti kwenye mabango. Tangu hapo kodi zimepanda na bei imepanda, ila kijitarakimu kimebaki, kwa sababu jicho la mnunuzi husoma 3.19 na kuacha mengine yapite.

Mtu mwingine angecheka akaendelea na safari yake. Mimi siwezi. Kazi yangu Tanzania, mpaka nilipostaafu, ilikuwa vipimo: kukagua mizani za sokoni, kugonga muhuri mawe ya kupimia, kumimina mafuta ya pampu kwenye chombo cha lita 20 na kuinama kusoma mstari, kubishana na wanunuzi wa viazi juu ya lumbesa. Mtu wa kazi hii akifika ugenini haangalii maghorofa, anaangalia mizani ya bucha. Binti yangu, ambaye ndiye mwenyeji wangu hapa, ameshanionya: "Baba, umestaafu. Waache watu wauze nyama yao." Nawaacha wauze. Ila naangalia.

Na kuangalia huko kumenipa rai ambayo huenda wenzangu wa kazi wakanuna wakiisoma. Sisi tumehangaika miaka mingi na swali la kipimo gani kitumike, kilo au debe, lita au kopo. Swali la nani anayeulizwa kipimo kikipunjwa tumelipa nafasi ndogo mno. Wamarekani wana vipimo vya ovyo kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na mtu wa kuulizwa wanaye.

Nianze na uovyo wenyewe, maana una utamu wake.

Galoni yao si ile ambayo Waingereza walitufundisha. Ya Waingereza ni lita 4.546, ya Wamarekani ni lita 3.785. Tofauti hii ina historia. Mwaka 1707, enzi za Malkia Anne, Uingereza iliweka kisheria galoni ya mvinyo yenye inchi za ujazo 231, na makoloni ya Amerika yakaichukua. Mwaka 1824 Waingereza wakaja na galoni mpya, lakini Marekani ilikwishajitawala na haikuona sababu ya kumfuata mkoloni wa zamani. Basi hadi leo mjukuu wangu anakunywa maziwa yanayopimwa kwa galoni ya mvinyo ya malkia aliyefariki zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Katika friji hiyohiyo, soda iko kwenye chupa ya lita mbili. Mvinyo wenyewe, ambao galoni ile ilitengenezwa kwa ajili yake, siku hizi unauzwa kwa mililita 750.

Huyo mjukuu alipozaliwa nilikuwapo, na mizani ya hospitali nikaitazama kabla ya kumtazama yeye vizuri. (Mama yake hajanisamehe.) Muuguzi aliandika uzito wa mtoto kwenye faili kwa kilo na gramu, kwa kuwa dawa ya mtoto hupigiwa hesabu ya kilo na hapo hakuna mchezo. Kisha akageuka, akawatangazia wazazi kwa pauni na aunsi, na hizo ndizo zilizosambaa kwenye simu za marafiki. Kilo ni za kazi, pauni ni za furaha. Dawa ni miligramu, bastola ni milimita tisa, na ukitaka kujua kama utoke na sweta, utaambiwa joto ni nyuzi 41, nawe ukivua sweta kwa kudhani uko Dar es Salaam, utaganda. Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, sawa na 5 za kwetu.

Jambo ambalo Mmarekani wa kawaida halijui ni kwamba nchi yake imeishi juu ya mita tangu zamani. Marekani ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Mkataba wa Mita jijini Paris mwaka 1875, na mwaka 1893 yadi na pauni zao zikaanza kufasiliwa kutokana na mita na kilo. Tangu 1959 inchi moja ni milimita 25.4 kamili, hakuna zaidi wala pungufu. Kwa hiyo fundi anayekwambia hataki kusikia habari za mita, futi aliyoishika ni mtoto wa mita. Mwaka 1975 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuhamia vipimo vya mita, ikasema kuhama ni hiari, na watu wakatumia hiari yao kubaki walipokuwa. Bodi iliyoundwa kusimamia zoezi hilo ilivunjwa mwaka 1982. Barabara ya 19 huko Arizona, kutoka Tucson kwenda Nogales mpakani na Mexico, iliwekewa mabango ya kilomita wakati huo, na hadi leo inapima umbali kwa kilomita, peke yake kati ya barabara kuu za nchi nzima. Wala hawakuridhika na futi moja. Mpaka mwisho wa 2022 walikuwa na futi mbili rasmi, moja ya kawaida na nyingine ya wapima ardhi, zikitofautiana kwa sehemu mbili katika milioni. Tofauti ambayo huwezi kuiona kwenye rula, lakini ukipima jimbo kubwa inaweza kufika mita moja au mbili.

Jikoni ndiko nilikopatana nao. Mpishi wa Kimarekani hana mizani. Unga anaupima kwa kikombe, na ni kikombe cha kisheria, cha mililita kama 240, chenye kukwanguliwa juu kwa kisu ili kiwe sawasawa. Kitabu cha mapishi cha Fannie Farmer wa Boston, kilichotoka mwaka 1896, ndicho kilichoeneza nidhamu hiyo ya kukwangua. Siagi huja kwenye vipande virefu, na karatasi iliyofungia imechapwa mistari kama rula, kila mstari ni kijiko kimoja. Hapo nilivua kofia. Bibi zetu walipima mchele kwa kibaba na pishi, na ugomvi wa kila siku ulikuwa kama kibaba kijazwe kwa kilima au kisawazishwe. Hawa wameumaliza kwa kisu cha kukwangulia.

Nije kwenye mbao, maana hapa nilikaribia kumwita polisi. Mkwe wangu alitaka kujenga banda dogo nyuma ya nyumba, tukaenda kununua mbao za mbili kwa nne. Mimi futi kamba haitoki mfukoni. Nikapima: inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Nikapima nyingine, vilevile. Nikampa mkwe ile futi kamba ajionee mwenyewe, naye kwa adabu zote akanijibu, "Mzee, zote ndivyo zilivyo." Ubao hupasuliwa mbichi kwa mbili kwa nne, ukakaushwa, ukapigwa randa, na kinachobaki ndicho kinachouzwa kwa jina la zamani. Kiwango kimeandikwa rasmi tangu miaka ya 1960, kila fundi anakijua, kila ramani ya nyumba inakihesabu. Kwa hiyo si wizi. Mnunuzi hasemi uongo, muuzaji hasemi uongo, ni jina la ubao tu ndilo linalosema uongo, na wote wamekubaliana kulisamehe.

Lumbesa ni kinyume cha hayo. Gunia lina jina la kilo 100, sheria yetu inasema lisizidi hapo, lakini linashonewa kichwa cha ziada mpaka linabeba kilo 120, 130, na mkulima analipwa gunia moja. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba gunia ni 130. Ndiyo maana mimi nilipigana na lumbesa miaka yote na nisingepigana na ubao wa Ohio.

Lakini kuna jambo moja la Wamarekani ambalo siwezi kulisamehe, nalo ni bei ya kwenye rafu. Ukiona kitu kimeandikwa dola 10, hutalipa dola 10. Kodi ya mauzo huongezwa ukifika kwa keshia wa mlangoni, na kodi hiyo hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo na kaunti hadi kaunti. Hapa Kaunti ya Franklin ni asilimia 8 tangu Aprili 2025; kabla yake ilikuwa 7.5. Ukienda Oregon au Montana jimbo halitozi kitu. Jirani yetu mmoja, mama wa Bukavu aliyefika hapa kama mkimbizi, alinifundisha siku za mwanzo: "Mzee, ile bei haiko yote." Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Watetezi husema mnunuzi anafaa kuona kodi ikiwa peke yake ili ajue serikali inamkata kiasi gani. Hoja hiyo naiheshimu, lakini inaweza kutimizwa kwenye risiti, kama tunavyofanya kwetu na VAT. Bei ya rafuni ni ahadi. Mama mwenye dola 20 mkononi na watoto wawili hapaswi kupiga hesabu za asilimia katikati ya duka.

Na ndani ya kodi hiyo kuna kichekesho. Katiba ya jimbo la Ohio, tangu miaka ya 1930, inakataza kutoza kodi ya mauzo kwa chakula ambacho hakiliwi pale kinapouzwa. Kwa hiyo kijana wa kaunta anapokuuliza kama utakula hapahapa au utafungiwa, usidhani ni ukarimu tu. Mkate uleule wenye nyama ileile ukikaa nao mezani una kodi. Ukitoka nao mlangoni hauna. Nimewaona watu wakila kwenye magari yao, vioo vimepandishwa, nikadhani ni wapweke. Huenda baadhi yao ni wahasibu.

Mpira nao nitautaja, ingawa binti yangu anasema niuache. Columbus ni mji wa futiboli ya Kimarekani. Uwanja wa chuo kikuu cha jimbo unachukua watu zaidi ya 100,000, na siku ya mechi hata kwenda dukani ni safari. Timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Mchezaji anaangushwa, anafunikwa na rundo la watu wenye kilo 130 kila mmoja (lumbesa tupu), refa anakuja mbio, anachungulia rundo, na anauweka mpira chini kwa makadirio ya macho. Kisha watu wawili wanaleta mnyororo wa yadi kumi wenye nguzo huku na huku, wanaunyoosha, wanapiga magoti, na uwanja mzima unasubiri kuona kama mpira umepungua kwa upana wa kidole. Makadirio ya macho yanapimwa kwa mnyororo! Ligi ya kulipwa iliacha kutegemea mnyororo mwaka 2025, ikaleta kamera za kupimia. Refa bado anauweka mpira kwa macho.

Sasa nije kwa yule mtu wa kuulizwa, na stika yake. Kila pampu ya mafuta katika kaunti hii imebandikwa stika inayoeleza kwamba imekaguliwa, na juu yake kuna jina la mtu. Si nembo ya wizara, ni jina la mtu, kwa herufi kubwa: Michael Stinziano, Mkaguzi wa Hesabu wa Kaunti, aliyechaguliwa mwaka 2018. Chini ya sheria za Ohio, mkaguzi wa hesabu wa kaunti ndiye pia msimamizi wa vipimo. Mizani ya nyama dukani ni yake na pampu ni yake. Naye hateuliwi. Anapigiwa kura kila miaka minne, kama wanavyompigia kura mhandisi wa kaunti na hata daktari wa kuchunguza vifo vya ghafla. Karatasi yao ya kura ni ndefu kama orodha ya mahari.

Niliwahi kumkuta mkaguzi wao akiwa kazini kituoni, kijana mwenye chombo cha chuma cha galoni tano. Nikamweleza kwamba nami nilikula mkate wa kazi hiyo mahali pengine, akanikaribisha nisome mstari pamoja naye. Pampu iliyokwisha kuanza kazi inaruhusiwa kukosea inchi sita za ujazo kwa galoni tano, kama mililita 98. Ile ilikuwa ndani kabisa ya kiwango. Akarudisha mafuta kwenye tangi la ardhini, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Chombo kile, mkao ule wa kuinama, hata namna ya kufuta mikono kwenye suruali, vyote ni vilevile. Kilichokuwa tofauti ni ile stika.

Wapo wanaosema stika hizo ni kampeni ya bure, na wana haki. Mwanasiasa gani asingependa jina lake lisomwe na kila mwenye gari? Huko North Carolina, Cherie Berry, kamishna wa kazi kuanzia 2001 hadi 2021, aliweka picha yake kwenye cheti cha ukaguzi cha kila lifti, na watu wakamwita malkia wa lifti. Inachekesha. Lakini lifti ikikwama, kila aliyemo ndani anajua sura ya wa kumlaumu. Hiyo ni bei ya tangazo, naye aliilipa kwa hiari yake.

Ofisi hiyohiyo ya mkaguzi wa hesabu ndiyo inayothamini nyumba kwa ajili ya kodi, na kwenye tovuti yake mtu yeyote anaweza kutafuta nyumba yoyote ya kaunti: picha, jina la mwenye nyumba, bei aliyonunulia, idadi ya vyoo. Watu ambao huwezi kuwauliza mshahara wao, wala umri wao, wamekubali jirani ajue walinunua nyumba kwa bei gani. Kwetu mshahara wa mtu unajadiliwa kwenye kahawa, lakini kiwanja ni cha nani, hilo ndilo la siri, mpaka watokee watu watatu wenye hati.

Wenzangu wa kazi nawajua, na pingamizi lao nalisikia tangu hapa. Watasema tukiandika jina la mkaguzi kwenye pampu tutamweka hatarini, watu watamfuata, watamshawishi kwa rushwa. Nawajibu kwa heshima: mwenye kituo anamjua mkaguzi kwa jina, kwa sura na kwa namba ya simu. Mwenye mizani sokoni anamjua pia. Asiyemjua ni mnunuzi peke yake, yaani yule ambaye kazi nzima inafanywa kwa ajili yake. Aliyekusudia kutoa rushwa hajawahi kukwamishwa na kukosa jina.

Watasema pia kwamba wakaguzi wetu hawachaguliwi, na mimi siombi wachaguliwe. Siasa tunayo ya kutosha. Wala siombi tuchukue galoni ya Malkia Anne, wala bei ya nusu nusu ya rafuni, wala sehemu tisa za kumi za senti iliyokufa. Lita yetu ni nzuri, Sheria ya Vipimo tunayo, na vijana wenye ujuzi wapo. Kinachoombwa ni wino. Wakala wa Vipimo waanze na pampu za mafuta, mizani zifuate: jina la mkaguzi aliyepima, tarehe aliyopima na namba ya simu ya ofisi yake, kwa herufi ambazo mtu aliyekaa juu ya bodaboda, akijaza lita mbili, anaweza kuzisoma bila kushuka.